Kila asubuhi alibonyeza kijani: yaliyonikuta nikiongoza watu nisiowaona

Wakuu, assalaam aleikum, na wale ambao salamu hiyo si yao, hamjambo.

Mimi humu ni msomaji tu. Nasoma nyuzi za watu na kikombe cha chai mkononi, nacheka, mara nyingine nalia kidogo, nafunga simu. Leo nimeona niandike, kwa sababu kuna mkuu aliuliza njia nzuri ya kuongoza timu ya watu wanaofanya kazi kutoka majumbani, na karibu majibu yote yalikuwa ya programu. Weka hii, nunua ile, washa kamera. Nikasema hapana, hapa lazima nami nitie neno.

Haya yamenipata mimi mwenyewe na chumvi sikutia. Majina nimeyabadilisha, isipokuwa la Kazungu. Nilipomwomba ruhusa alisema nikimpa jina jingine atakasirika, anataka umaarufu wake.

Basi.

Naitwa Zena, nakaa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Kazi yangu ni hati za mizigo. Kontena likishuka bandarini haliondoki hivi hivi, kuna mtu lazima ahangaike na makaratasi yake mpaka liruhusiwe kutoka. Mtu huyo ndiye sisi. Tulikuwa watatu, na mimi ndiye team leader, cheo ambacho mshahara wake hauna tofauti kubwa ila lawama zake zote ni zako.

Ofisi yetu ilikuwa Shimanzi, chumba kimoja juu ya ghala. Nitaisifu ofisi ile na wala sioni haya. Ilikuwa na joto, dirisha lilikuwa halifungiki vizuri, na vumbi la malori lilipanda ngazi kama lina miadi na mtu. Feni ilizunguka ikilalamika. Lakini wakuu, naikumbuka ofisi ile kuliko nyumba niliyozaliwa.

Karibu na dirisha alikaa Bi Khadija. Ni mtu mzima, wa Ndia Kuu, mtaa wa jirani na wangu, na yeye ndiye aliyenifunza kazi hii nilipoingia sijui hata manifesti ni kitu gani. Baadaye cheo nikapewa mimi kwa sababu yeye alikikataa. Alisema hataki kugombana na watu wa Nairobi kwa simu, ana presha. Alikuwa wa kwanza kufika kila siku, akavua viatu mlangoni kama yuko kwake, akafungua dirisha, ndipo akawasha kompyuta.

Wa mwisho kufika alikuwa Kazungu, kijana wa Kaloleni, na kila siku alikuja na sababu mpya. Sababu zake zilikuwa tamu hivi kwamba tulikuwa tunazingoja.

Na kazi haikuanza mpaka tumesalimiana.

Hapa nisimame kidogo, maana wabara mnaweza msinielewe, na uzi wote uko hapa.

Kwetu ukiulizwa hali, jibu la kwanza ni njema. Hata paa likiwa limekuangukia, ni njema, alhamdulillahi. Kuanza na balaa ni kumrukia mtu, ni kukosa adabu. Kisha unaulizwa nyumbani, unasema wazima. Halafu yule anayekujali anakutazama anakuuliza mara ya tatu, na wewe mwenyewe je? Hapo ndipo mtu hushusha pumzi, akasema, mimi, dadangu, hivyo hivyo. Ukisikia hivyo hivyo, vuta kiti.

Pale Shimanzi mambo yetu yote tuliyajua kwa mtindo huo. Mume wa Bi Khadija alipougua, tulijua kwenye swali la tatu. Kazungu alipoachwa na mchumba, swali la tatu. Mimi nilipokuwa nataka kuacha kazi, Bi Khadija aliniuliza mara ya tatu, nikalia pale pale juu ya hati za kontena la mitumba.

Ikaja siku kampuni ikaona kodi ya chumba ni nzito. Tukaambiwa kazi yetu inaweza kufanyiwa popote penye intaneti, kila mtu apewe laptop aende kwao.

Nisiseme uongo, mwanzo nilifurahi. Sikuwa tena na haja ya kufua buibui jeusi lililogeuka kijivu kwa vumbi. Nilikuwa naanika nguo huku niko mkutanoni. Kazungu alirudi kwao Kaloleni kukwepa kodi ya Mombasa, na kila mkutano tulimsikia na mbuzi wake wakichangia hoja. Bi Khadija akabaki nyumbani kwake, juu kwenye ghorofa, mwendo mfupi kutoka kwangu.

Furaha ile haikukaa. Nilianza kuamka na unyonge nisioujua ulikotoka. Nafungua laptop, naona majina mawili yana nukta ya kuonyesha wapo, na hapo ndipo upweke unanishika, kwa sababu wapo na hawapo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Sisi lake lilikuwepo, mwenyewe ndiye aliyekosekana.

Nilijaribu kuwasalimu kwenye grupu. Lakini salamu ya kuandika ni kitu kikavu. Unaandika "mwaonaje hali?", unajibiwa "njema", na kidole gumba. Kidole gumba huwezi kukiuliza mara ya tatu.

Sasa meneja wetu yuko Nairobi, tumwite Bwana Mutiso. Si mtu mbaya, naomba msimtukane kwenye majibu. Ni mtu wa vipimo. Alipoona timu zimetawanyika, aliogopa watu wataumia rohoni bila yeye kujua. Akaleta programu. Kila asubuhi kabla ya kuanza kazi, skrini inakuuliza unajisikiaje leo, unachagua rangi. Kijani uko vizuri, njano uko hivi hivi, nyekundu una shida na unahitaji msaada.

Nia ilikuwa njema kabisa.

Timu ya Mombasa tulikuwa kijani kila siku ya Mungu. Kijani, kijani, kijani. Mpaka kwenye mkutano mmoja wa kampuni nzima tukapigiwa makofi, Bwana Mutiso akauliza sisi watu wa Pwani tuna siri gani. Kazungu akasema ni nazi. Watu wakacheka.

Baada ya mkutano nikampigia Kazungu kumtania, ndipo akaniambia, akiwa bado anacheka, kwamba wiki iliyopita walimzika amu yake aliyemlea. Nikamuuliza siku ya mazishi alibonyeza nini.

"Kijani."

Nikamuuliza kwa nini.

"Dada, ningeanzaje na nyekundu? Hata salamu bado."

Nilicheka, na nilielewa kabisa, kwa sababu mimi mwenyewe ningefanya vivyo hivyo. Sikuona hatari yoyote. Nilimpa pole, tukaendelea.

Hatari ilikuja upande wa Bi Khadija.

Alianza kuchelewa kujibu asubuhi. Ujumbe unakaa. Kwenye mikutano akawa hawashi kamera, jambo ambalo sikulijali, mwanamke wa Mji wa Kale nyumbani kwake yuko na nguo za nyumbani, kamera ya nini. Lakini na sauti pia aliifunga muda wote. Ukimuuliza kitu, anakaa kimya kidogo, anafungua, anajibu upesi, anafunga.

Siku moja alisahau kufunga. Tukiwa na watu wa Nairobi kwenye mkutano, kwa upande wake ikasikika honi ya lori, ile ndefu ya kutoa roho, na sauti ya mwanamume ikipiga kelele kontena lirudishwe nyuma kidogo. Kila mtu alisikia. Bi Khadija akafunga sauti.

Siku ya pili Bwana Mutiso alinipigia, na HR alikuwa kwenye simu. Wakaniambia wameangalia login za Bi Khadija, hazitoki Ndia Kuu. Zinatoka Shimanzi, kila siku ya kazi, asubuhi hadi alasiri. Na Shimanzi imejaa kampuni za kazi kama yetu. Walichokuwa wanashuku ni kwamba ana kazi ya pili, anakaa kwa washindani wetu na kompyuta yetu.

Nikasema haiwezekani. Nikasema labda ni mgonjwa, labda ana shida nyumbani.

HR akanijibu kwa upole kabisa kwamba hilo wameliangalia. Bi Khadija amebonyeza kijani kila siku tangu programu ianze. Hana shida yoyote. Kwa hiyo kuchelewa kwake hakuna sababu nyingine.

Wakuu, hebu oneni. Adabu ya mama wa watu ndiyo iliyogeuka ushahidi dhidi yake.

Wakanipa mpaka Ijumaa. Nizungumze naye, niandike kama kiongozi wake napendekeza nini. Kama ana kazi ya pili, anaondoka siku hiyo hiyo, na haki zake za miaka yote zinapotea.

Najua kuna mtu atasema si ungempigia simu tu umuulize. Ndugu yangu, umuulize nini? Umpigie mtu aliyekufunza kazi, umwambie Bi Khadija, waiba saa za kampuni? Mdomo utafunguka vipi?

Nikaenda kwake. Ni mwendo mfupi, na naona haya kusema sikuwa nimepanda ngazi zile tangu ofisi ifungwe. Ukaribu unadanganya. Unasema nitapita kesho, huyu yuko hapa hapa.

Nilibisha, kimya. Chini kuna duka la vinyago, mwenye duka akanitazama akaniambia Bi Khadija hayuko. Kila asubuhi anashuka na mkoba wake, anapanda tuktuk. Anarudi alasiri. Akasema kama zamani tu.

Hapo nami niliingiwa na shaka, siwafichi. Niliwaza, kumbe ni kweli. Nikasimama pale Ndia Kuu kama mtu aliyesahau anakwenda wapi. Halafu nami nikapanda tuktuk, nikamwambia dereva Shimanzi.

Nilitembea kwenye mageti ya kampuni moja moja nikichungulia kama askari kanzu. Makuli wananitazama, madereva wananiuliza dada watafuta nani. Vumbi lile lile, honi zile zile, harufu ya dizeli na samaki wa kukaanga. Na mimi badala ya kukasirika nilikuwa nasikia raha ya ajabu mwilini, mpaka nikajiuliza nina nini.

Nilimkuta mkabala na ghala letu la zamani.

Kuna kibanda pale cha Mama Dama, anawauzia madereva chai na mahamri, tulikuwa tukiagiza kwake tangu zamani. Nyuma ya kibanda, upande wa kivuli, Bi Khadija ameketi kwenye kiti cha plastiki, laptop iko juu ya kreti la soda lililofunikwa kitambaa safi. Miwani puani, buibui limenyooka. Anafanya kazi yetu. Niliiona skrini, ilikuwa ni hati ya mteja wetu aliyenisumbua tangu asubuhi.

Hakushtuka. Alivuta kiti kingine akanipangusia.

Tukasalimiana. Nikamuuliza hali, akasema njema, alhamdulillahi. Nikamuuliza nyumbani, akasema salama. Nikamtazama usoni. Nilikuwa sijamtazama usoni kwa muda mrefu sana, na alikuwa amekonda.

"Na wewe mwenyewe, Bi Khadija?"

Alivua miwani. Akaifuta kwa ukaya wake wa kichwani.

"Mimi, mwanangu, hivyo hivyo."

Nikaketi.

Akanieleza polepole, kama mtu anayefungua kifurushi. Mume alikufa mwaka ule wa mwisho wa ofisi, hilo nililijua, nilizika na kukaa matanga. Salma, binti yake wa pekee, aliolewa akapelekwa Maskati, hilo pia nililijua na biriani nilikula. Nisilolijua ni nini kilichobaki ndani ya nyumba baada ya hapo. Alisema alipokuwa akija kazini, nyumba ilikuwa ni mahali pa kulala tu, aliweza kuistahimili. Tulipoambiwa tukae majumbani, akafungiwa nayo.

"Nyumba ile ntaikaaje, Zena? Nafungua laptop asubuhi, nasikia saa ya ukutani. Siku nzima hapana mtu aniitaye jina langu."

Siku moja alikuja Shimanzi kufuata kitabu alichokisahau kwa Mama Dama, akanunua chai, akakaa. Akajikuta ameimaliza kazi ya siku nzima kwa muda mfupi. Kesho yake akarudi na laptop. Intaneti ya hapa inakatika malori yakijaa, ndiyo maana alikuwa akichelewa kujibu. Sauti aliifunga ili tusisumbuliwe na honi.

"Hapa nasikia watu wakigombana, wakitaniana, wakiteka. Mama Dama aniuliza nimekulani. Na nikiinua mato, naliona dirisha letu."

Nikageuka nikatazama. Kweli, dirisha letu lilikuwa pale juu, limefungwa. Kumbe linafungika, ila lilitaka mwenye nguvu. Ndani kumekuwa stoo ya mtu.

Nililia, wakuu. Sikulia kwa ajili yake peke yake. Nililia kwa sababu mwanamke huyu alirudi kwa miguu yake kule ambako mimi nilikuwa narudi kwa mawazo kitandani kila asubuhi, nikiyaita uchovu. Niliikumbuka ile feni. Nilikumbuka uongo wa Kazungu. Nilimkumbuka yeye mwenyewe, Bi Khadija, ambaye alikuwa anakaa mtaa wa pili na nilikuwa nimemkosa kama mtu aliye ng'ambo.

Nikamuuliza kwa nini hakubonyeza hata njano siku moja.

Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini hatoki nje kichwa wazi. "Nikwambie wewe au nikiambie kitu cha skrini?"

Siku hiyo hiyo nilimpigia Bwana Mutiso. Nilimweleza yote. Mwanzo hakuamini, si kwa ubaya, aliona ni hadithi. Akaniuliza swali lile lile, "Zena, kama alikuwa na shida, si angebonyeza nyekundu?"

Nikamfundisha salamu. Nilimwambia kijani cha Mombasa ni mlango tu, na nyumba njema si mlango. Nikamwambia kuhusu Kazungu na amu yake. Nikamwambia timu aliyoipigia makofi kwa furaha ilikuwa na mfiwa mmoja, mjane mmoja, na mimi ambaye sijui niseme nilikuwa nini.

Nilimsikia Bwana Mutiso akivuta kiti.

"Mamangu pia yuko hivyo," akasema. "Ukimpigia, mzima, mzima. Ukikaribia kukata ndiyo anakuambia ng'ombe alikufa."

Yeye mwenyewe akamtetea Bi Khadija kwa HR. Alhamisi nikaletewa jibu: Bi Khadija hana kosa, afanyie kazi popote anapotaka, alipiwe intaneti nzuri zaidi. Bwana Mutiso akasema pia anataka kumwomba radhi yeye mwenyewe kwa simu.

Wakuu, niliruka. Nilitoka Kibokoni nusu nakimbia kumpelekea habari, nikapita kununua halua njiani. Nilijua nimeshinda.

Nilimkuta kwake, ndio kwanza amerudi. Nikamweleza kila kitu kwa pupa, na kwa pupa hiyo nikasema pia alilokuwa anashukiwa, maana yeye hakuwa anajua. Nilikuwa sijamwambia siku ile ya kibandani. Alidhani nilikwenda kumtembelea.

Akaniuliza taratibu, "Walidhani naiba?"

Nikasema si hivyo hasa.

"Nawe ulipokuya Shimanzi, ulikuya kunitafuta au kunikamata?"

Nilitamani sakafu inimeze. Nikamwambia ukweli, kwamba nilipotoka sikujua, na nilipomwona nilijua. Akaitikia kwa kichwa. Akanimiminia kahawa, akakata halua akanisogezea, na huo ukarimu wake ndio ulioniumiza zaidi.

Kisha akasema anaacha kazi.

Nilimbembeleza. Nilimwambia mambo yamekwisha, amesafishwa, meneja mzima anataka kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Sikukasirika, mwanangu. Watu wasioonana lazima washukiane, si makosa yao. Lakini mimi kazi hini niliipenda kwa watu wake. Miaka yote ile nilikuwa naja kwenu, makaratasi yalikuwa kisingizio."

Alikuwa amenisemea na mimi.

Aliondoka kwa heshima zake zote na haki zake zote. Bwana Mutiso alimpigia, wakazungumza muda mrefu, sijui walisema nini. Najua tu kwamba baada ya hapo ile programu ya rangi iliondolewa bila matangazo.

Sasa tumebaki mimi na Kazungu, na binti mpya aliyeajiriwa kutoka Likoni ambaye hajawahi kumwona Bi Khadija na ananishangaa nikimtaja kila siku. Kwenye skrini tuko miraba mitatu kama zamani. Mara nyingine nakaribia kusema, Bi Khadija, hebu itazame hii.

Ninavyoongoza siku hizi ni rahisi. Siandiki kama naweza kupiga. Asubuhi nawapigia mmoja mmoja, kazi haitajwi mpaka tumefika swali la tatu. Mara nyingi la tatu nalo ni njema, basi twaendelea. Binti wa Likoni mwanzo alidhani nampeleleza. Siku aliponiambia "hivyo hivyo", tulizungumza mpaka chai ikapoa, na mteja alingoja, na hakufa. Mara moja kwa mwezi Kazungu anashuka kutoka Kaloleni, binti anavuka feri, tunakaa kwa Mama Dama. Kazungu bado anachelewa, na sababu zake zimezidi utamu kwa kukaa na mbuzi.

Bi Khadija naye alifungua chuo pale nyumbani. Watoto wa mtaa wanakuja kujifunza Kurani mchana, ukipanda ngazi unasikia zogo kuanzia chini, mwenye duka la vinyago analalamika na hamna anayemsikiliza. Nilimkuta juzi anamfokea mtoto aliyemwaga maji, uso umejaa nyama tena. Nilifurahi kwa moyo wote, na nilirudi nyumbani nimeinama, kwa sababu yeye amepata watu wake na mimi bado nawakumbuka wangu.

Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mimi nasema na jicho la mbali halioni mtu. Litaona yupo, litaona yuko wapi, litaona amebonyeza nini. Kama unaongoza watu usiowaona, usiulize mara moja ukaridhika, hasa kama ni watu wetu, watu wa njema. Na kama kuna mmoja anakaa mwendo wa miguu kutoka kwako, vaa viatu, panda ngazi zake leo.

Karibuni mchangie. Nyinyi mnaofanya kazi hizi za majumbani, hasa viongozi, mnawajuaje watu wenu? Na nyinyi mnaoongozwa, kuna anayewauliza? Wa Nairobi pia mkaribie, leo siwatanii.

Nami kabla hamjaniuliza, ni njema, alhamdulillahi. Nyumbani wazima.

Mkitaka kujua zaidi ya hapo, niulizeni tena.